Saumu ya Wadi ya Wanawake

Kama una binti aliyejifungua juzi na sasa halali, au anacheka peke yake, au anamtazama mwanawe kama mtoto wa jirani aliyesahauliwa pale, mpe uji kwanza, mfunike, na usimpige. Mengine yatafuata. Wanawake wa hapa Dunda huniletea mabinti zao siku hizi, wanapitia mlango wa uani ili majirani wasiwaone, kana kwamba majirani hawajui. Wananiuliza, "Bi Mwanahawa, wewe ulipona vipi?" Mimi si mganga wala daktari, na kila mara hueleza nusu, kwa sababu nusu ya pili inaniuma. Leo naiandika yote. Anayetaka aisome, asiyetaka aifungie maandazi.

Nilimzaa Zuhura wakati wa masika, miaka ya mwanzo ya sabini. Uzazi wenyewe haukuwa na neno. Siku ya saba alinyolewa, akatolewa nje, watu wakala pilau wakaenda zao. Usingizi ndio uliokataa kurudi. Nilikaa macho makavu usiku na mchana, na kila nikimtazama yule mtoto naona ana uchafu ambao mkunga hakuutoa. Nikamwogesha. Nikamwogesha tena. Mama mkwe wangu, Bi Riziki, akanipokonya mikononi. "Ngozi ya mtoto si sufuria, Mwanahawa," akasema, akamfunga mgongoni kwake. Tangu siku ile sikumshika tena mwanangu bila kumwomba mtu, ila mara moja.

Mume wangu Athumani alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, na upole wake ulinifaa na kuniponza vilevile. Hakuwahi kuniinulia mkono. Wala hakuwahi kumwambia mama yake hapana.

Kwetu pwani ugonjwa wa namna ile hauanzii hospitali. Nilipelekwa Kaole kupungwa pepo, nikafukizwa, nikapigiwa ngoma, nikanyweshwa kombe, maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa maji, sahani kwa sahani. Sizidharau tiba hizo. Siku za ngoma nililala, na kwa mtu aliyekosa usingizi miezi, kulala siku moja ni rehema. Lakini pepo hakutaka kutaja jina lake, na mganga akachoka kumwuliza. Mtoto akaachishwa ziwa, maana walisema maziwa ya aliyerukwa na akili yanamharibu anayenyonya. Matiti yakavimba, yakawa magumu kama maembe mabichi. Bi Riziki mwenyewe ndiye aliyenikanda kwa kitambaa cha moto na kunikamua ndani ya bakuli, huku analia, kisha maziwa akaenda kuyamwaga nyuma ya nyumba.

Kaskazi ilipoingia Zuhura alikuwa anatambaa. Siku moja, watu wakiwa katika sala ya adhuhuri, nilimchukua nikashuka naye pwani. Maji yalikuwa yamekupwa. Nikatembea mpaka yakanifika kiunoni, nikaanza kumwogesha. Watu husema nilitaka kumzamisha. Sikutaka kumzamisha. Nilitaka atakate. Wanawake waliokuwa wakiokota chaza walipiga kelele, wakanikamata, wakamtoa majini akiwa ameshakunywa maji mengi. Alikohoa, akatapika, akaishi, alhamdulillahi. Mpaka leo nikisikia mtoto mdogo anakohoa huacha nilicho nacho mkononi.

Kesho yake nikapandishwa basi. Bi Riziki alitaka nifungwe kamba. Athumani akachukua kanga, akaufunga mkono wangu na mkono wake pamoja, kisha akavuta buibui langu akafunika fundo, ili abiria wadhani ni mume na mke tu wamekaa karibu. Safari nzima hakusema neno. Mimi nilisema mengi, lakini siyakumbuki, na yeye hajapata kunikumbusha hata moja.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa upande wa kusini wetu, njia ya kwenda Dar es Salaam, na wadi za wagonjwa wa akili zilikuwa nyuma kabisa, zimezungushiwa ukuta. Tulikaa kwenye benchi la kumngojea daktari tangu asubuhi hadi alasiri. Ukuta nyuma ya benchi ulipakwa rangi ya kijani, na rangi ile ilikuwa imechubuka katika mstari mmoja mrefu, pale vichwa vya waliotangulia viliposugua wakiyumba mbele na nyuma. Nikautazama ule mstari nikajua nami nitaongeza changu. Jioni Athumani alifungua fundo la kanga, akaikunja, akataka kuniachia. Mhudumu akasema hairuhusiwi, mtu anaweza kujinyonga nayo. Akaondoka nayo kwapani.

Mwanzo nilihesabu siku kwa sindano, halafu kwa umeme. Siku ya umeme hupewi chai wala maji tangu usiku wa kuamkia, kwa hiyo ukiona vikombe vya wenzako vimekuja na chako hakikuja, umeshajua. Wanakulaza, wanakutia kitu mdomoni ukiume, na baada ya hapo hujui. Ukizinduka taya zinauma, na jina la mtu unayempenda linakuja limechelewa. Siku moja nililitafuta jina la Zuhura kutoka asubuhi mpaka kilipoletwa chakula. Nililia kwa hasira. Walinyofoa ya maana kichwani mwangu wakaacha mambo ya kipuuzi yamejaa.

Mwili nao ukawa wa mtu mwingine. Nilinyolewa kwa ajili ya chawa. Vidonge vikanivimbisha uso, vikanikausha mate, mikono ikatetemeka hata kijiko kikawa kinagonga sahani. Nilitembea bila kuinua nyayo. Jua la uani likinigusa, ngozi inababuka. Hedhi ikakatika. Maziwa, ambayo nilidhani yamekwisha zamani, yalitoka siku mwanamke mmoja alipokuja kumtazama dada yake akiwa na kitoto mgongoni. Kitoto kililia, na gauni langu la hospitali likalowa kifuani mbele za watu. Yule mwanamke aliona, akageuka pembeni, akamnyamazisha mwanawe haraka. Nampenda mpaka leo kwa kugeuka kule.

Lakini ukweli usemwe: nilianza kulala. Masika ilipokwisha nilikuwa nalala usiku mzima, na mtoto ninayemwona kichwani alikuwa mtoto safi, hana uchafu wowote.

Athumani alikuja kila Jumapili, kisha mara moja kwa mwezi. Mwisho wa kipupwe akaja akakaa, akaanza kuikunja na kuikunjua kofia yake.

"Mama anasema," akaanza. "Anasema Idi ikifika hujatoka, Zuhura aende Pangani, dada akamlee."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema utoke, mke wangu."

Nikamwuliza mtoto anasemaje. Akanijibu kuwa ameshatembea, na Bi Riziki ndiye anayemwita mama. Alisema hivyo akitazama chini. Nikaapa nitatoka. Pangani ni mbali, na mtoto aliyepelekwa kwa shangazi hurudi akiwa mtoto wa shangazi. Daktari, aliyekuja wadini mara moja kwa juma, alikuwa ameshasema kwamba nikiendelea vilevile nitakula Idi nyumbani. Kazi yangu ikabaki moja tu: nile, nimeze, ninyamaze.

Kipupwe hichohicho aliletwa Bi Mize. Alikuwa kungwi wa Kaole, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu wa shamba la pili. Maisha yake yote amefunda wari, wasichana waliovunja ungo, akiwafundisha kukaa, kuoga, kuishi na mume na kuishi na mawifi, ambalo ndilo somo gumu zaidi. Binti yake wa pekee alikufa kwa uzazi. Bi Mize badala ya kuanua matanga kama watu, alikwenda kaburini kila asubuhi kumwimbia mwanawe nyimbo za unyago, mwezi baada ya mwezi, mpaka kaka zake wakaona haya.

"Mimi sina wazimu, nina msiba," aliniambia. "Ila wameupima wakaona umezidi."

Alijua kazi moja, akaifanya hapohapo. Akatuita wari wake, hata wale waliomzidi umri. Kila mgonjwa mpya akapewa somo, yaani mgonjwa wa zamani wa kumshika mkono, amwonyeshe choo kiko wapi, mhudumu gani ana mkono mwepesi, na namna ya kumeza vidonge bila kuvitapika. Somo akichoka anabadilishwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa hajanena tangu nimfahamu alipewa mgonjwa wa kumwangalia, na siku ya pili nikamsikia akimwambia, "Inua gauni, litalowa." Mimi Bi Mize alinitania kila siku. "Mwanahawa, unatembea kama bata aliyeolewa jana." Na sisi tulicheka, watu ambao vinywa vyetu vilikuwa vikavu hata kucheka kunauma.

Mkubwa wa wadi alikuwa Sista Hidaya, mzaliwa wa Pangani, Mwislamu kama sisi, sare yake imepigwa pasi hata nzi angeteleza. Nataka nieleweke: hakuwa mkatili. Hakutupiga, na aliyepiga mbele yake alikiona. Lakini aliupenda utaratibu kuliko alivyompenda mtu. Kila saa nne asubuhi alikunywa chai yake mezani mbele yetu, na kitumbua kimoja, hakupata kuongeza cha pili.

Hatukuwa na redio wala kalenda. Vuli ilikuwa inakaribia na mbingu zimefunga mawingu. Asubuhi moja saa nne ikapita na kikombe cha Sista hakikuja. Ikapita nusu saa nyingine. Alikuwa amekaa palepale mezani, midomo mikavu, anaandika.

Bi Mize akamtazama kwa muda. "Wari wangu," akasema, "mwezi umeandama na hawakutuambia."

Uji wa asubuhi tulikuwa tumeshaunywa. Bi Mize akasema ya leo tutailipa baada ya Idi, lakini kuanzia saa ile vinywa vifungwe. Hakumlazimisha mtu. Adhuhuri ulipoletwa ugali na maharage pamoja na trei ya vidonge, hakuna aliyenyoosha mkono. Hata wale ambao siku zote walikuwa mbali na dunia waliwatazama wenzao, wakakunja mikono.

"Kuna nini?" akauliza Sista.

"Tumefunga, Sista," akasema Bi Mize. "Kama wewe."

"Nyinyi hamna saumu, na mnajua. Kalamu imeinuliwa kwa aliyepotewa na akili mpaka akili zimrudie. Mwenyezi Mungu amewasamehe, nyinyi mnaukataa msamaha?"

"Na zikirudi, nani atajua, ikiwa tunalishwa mchana kama kuku?"

"Dawa hainywewi tumbo tupu, Bi Mize."

"Tutainywa magharibi, na chakula."

"Magharibi kuna mhudumu mmoja. Utaratibu ni adhuhuri."

Akaamuru sahani zirudishwe jikoni. Mwanamke, kama mnavyojua, ana siku zake katika Ramadhani ambazo hafungi. Sisi vidonge vilikuwa vimetukausha, wadi nzima hakuna mwenye udhuru. Bi Mize alilicheka hilo mpaka akashika mbavu. "Hata damu ya kujitetea hawakutuachia," akasema.

Mhudumu wa jioni alikuwa Mama Anna, Mkristo wa Msata, mwenye miguu iliyovimba. Aliingia na sahani zetu za mchana zimefunikwa kwa vitambaa, na juu ya kila kitambaa vidonge vya jioni. "Mambo yenu siyajui," akasema, "ila chakula kikifunikwa hakiharibiki." Tulifuturu ugali baridi na maji ya bomba. Sijapata kula futari tamu kama ile, na nimekula nyingi, za sambusa na za kaimati.

Tukaendelea hivyo. Lakini vidonge vya adhuhuri vilitupita, na Mama Anna hakuwa na ruhusa navyo. Siku ya tatu nikaanza kusikia maji yakichuruzika mahali pasipo na bomba. Nikaogopa sana. Simfundishi mtu kuacha dawa, mwanangu unayesoma hapa. Mimi nameza zangu hadi leo. Naeleza tu jinsi ilivyokuwa. Wawili katika sisi walianza kupiga kelele mchana, na Bi Mize mwenyewe akawalisha kwa mkono wake, akamwita Sista awape dawa. "Hawa kweli wamesamehewa," akasema. "Wasilaumiwe." Sista hakumshukuru.

Siku ya nne Sista aliniita ofisini kwake. Akafunga mlango, akanikalisha kwenye kiti, si kwenye benchi.

"Mwanahawa, wewe una akili zako. Jumanne daktari anakuja, na nimeshamwambia habari zako njema. Una mtoto. Mumeo amenieleza habari za Pangani. Chakula chako kile pale, kimefunikwa. Kula, meza, nitasema uliteleza ukajirudi. Idi utakuwa kwako."

Nilikitazama kile chakula. Sikuwa na njaa, nilikuwa na Zuhura. Nilimwona anatembea, na kwa kuwa sikuwahi kumwona akitembea kweli, nikambunia miguu. Mkono wangu ulikwenda mpaka kwenye kitambaa. Nikauacha hapo.

"Sista," nikasema, "kama nina akili, saumu inanihusu. Na kama sina, utanirudishaje kwa mwanangu?"

Naye alikuwa amefunga, nilimsikia akimeza mate. Nilidhani nimemgusa. Kisha uso wake ukafunga.

"Mgonjwa anayebishana ndiye aliye mbali kupona," akasema. "Nenda."

Nilitoka. Nilijua nimefanya nini. Nilikwenda kulala nikageukia ukuta, na Bi Mize akaja akakaa miguuni pangu, akanisugua nyayo kwa viganja vyake vikavu. Hakuniambia nimefanya vizuri. Mtu aliyezika binti yake hasemi maneno kama hayo.

Asubuhi ya Jumatatu uji haukuletwa kwa kuwa hatukuutaka, hivyo hatukujua. Wahudumu wawili wanaume waliingia, Sista nyuma yao, wakamwita Bi Mize kwa jina. Tangu aje hakuwahi kupigwa umeme, daktari hakuwa amemwandikia. Akasimama mwenyewe.

"Nimekula kitu tangu usiku?" akamwuliza Sista.

"Hujala."

"Basi leo wewe ndiye umenipa saumu," akasema, akaenda nao huku anaimba wimbo wa unyago ambao nisingeweza kuuandika hapa, una matusi.

Walimrudisha amebebwa. Alilala mpaka asubuhi ya pili, na asubuhi hiyo wakamchukua tena. Mara ya pili hakuimba, kwa sababu hakujua anakwenda wapi. Aliporudi akili ilimchukua muda kutulia. Kabla ya adhuhuri akainuka akakaa kitandani, kichwa kimeinama, mate yanamchuruzika. Trei ya ugali ikaja. Sahani zetu zikawekwa mbele yetu kama kila siku, nasi tukakunja mikono.

Bi Mize akaitazama sahani yake. Akamega tonge. Akala.

Alikula polepole, akamega tena, akachovya kwenye maharage, akatutazama kwa mshangao mdogo, kama mgeni anayekuta wenyeji hawali naye. Akanisogezea sahani. "Kula, mwanangu," akaniambia. "Mbona huli?" Hakunijua. Hakujua Ramadhani, wala wadi, wala kwamba yeye ndiye aliyetufunga vinywa. Nilitaka kufa palepale.

Sista alikuwa amesimama mlangoni. "Mnaona?" akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu yake. "Mkubwa wenu amekula. Basi na nyinyi kuleni, yaishe."

Aliyemjibu hakuwa mimi. Alikuwa yule mwanamke asiyenena, aliyepewa mgonjwa wa kumwangalia. Alisema taratibu, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayesomeshwa. "Amesahau. Aliyekula kwa kusahau saumu yake nzima. Mungu ndiye aliyemlisha."

Hakuna Mwislamu wa pwani asiyejua hilo. Tunafundishwa kabla hatujaota meno ya pili. Sista Hidaya alilijua vizuri kuliko sisi. Alimtazama Bi Mize anayetafuna, akatutazama sisi, mikono imekunjwa, hakuna aliyegusa sahani. Kisha akatoka. Nilimwona dirishani amesimama uani juani, kichwa wazi, mtu ambaye hakuwahi kukaa juani bila sababu.

Kuanzia kesho yake chakula na vidonge vilikuja magharibi. Hakutangaza, hakueleza. Bi Mize hakuchukuliwa tena. Tukafunga mpaka mwisho wa mwezi, naye sahani yake iliendelea kuja adhuhuri, tukawa tunamlisha kwa zamu, tumemzunguka ili asione haya, ingawa haya hakuwa nayo tena. Kama huko ni kushinda, tulishinda.

Jumanne ile daktari alinitazama kitambo. Sista alikuwa ameshamweleza kwamba wadi imegoma. "Ulikuwa unapona," akaniambia. "Umerudi nyuma." Sikubishana. Idi ikapita. Athumani alikuja baada yake na biskuti, akaziweka mapajani pangu, akasema Zuhura ameondoka na basi la Pangani akiwa amelala, hakulia. Nilikula zile biskuti zote mbele yake bila kumpa hata moja. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimemchukia yeye, na mama yake, na Sista, na Bi Mize pia, ambaye alikuwa amekaa kando yetu anacheza na karatasi ya biskuti.

Mvua za masika zilipoanza Bi Mize alipelekwa bara, kwenye hospitali kubwa zaidi, pamoja na wengine walioonekana hawana watu. Nilimfunga vizuri gauni lake nyuma. Akaniuliza kama tunakwenda harusini. Nikamwambia ndiyo. Nilipotoka hospitali nilikwenda Kaole kuwapa ndugu zake habari zake, wakaniambia wameshamsomea khitma. Hawakuwa na uhakika kama amekufa. Walichoka kungoja, wakasoma.

Mimi nilitoka kipupwe, daktari mwingine alipokuja na kusema nimekaa mno. Athumani alinileta nyumbani, na safari hii hakunifunga na kitu. Miezi miwili baadaye alikwenda Pangani akamleta Zuhura. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amemwambia mama yake jambo kwa sauti ya juu, majirani walinisimulia. Bi Riziki akakubali, kwa masharti. Nisiogeshe mtoto. Nisilale naye. Nisibaki naye peke yangu. Visu vikahamishiwa chumbani kwake, na mimi nikapewa chumba cha uani, na mkeka, na redio ya kunituliza. Zuhura aliletwa kunisalimia asubuhi na jioni, amesimama kizingitini, mkono ndani ya mkono wa bibi yake. "Msalimie mgonjwa," anaambiwa. "Shikamoo mgonjwa," anasema. "Marahaba," najibu, na meno nimeyauma.

Sikumlaumu Bi Riziki. Yeye ndiye aliyekaa na mtoto anayetapika maji ya chumvi usiku kucha. Lakini niliumia, na wakati mwingine niliuwaza ule ukuta wa hospitali kama mahali ambapo angalau sikuwa peke yangu.

Ramadhani ikaingia. Daktari alikuwa amenipangia dawa kabla ya alfajiri na usiku, kwa hiyo sikuwa na kizuizi. Sikumwambia mtu. Siku ya kwanza, adhuhuri, nyumba imetulia, nikasikia nyayo ndogo uani. Mlango ukasukumwa. Zuhura alikuwa amesimama peke yake, bakuli la viazi vya nazi ameliegemeza tumboni kwa mikono miwili, mchuzi umemdondokea miguuni.

"Bibi kasema ule," akasema.

Nadhani Bi Riziki alikuwa na maumivu ya miguu siku ile, au alichoka kwa saumu, au mtoto alimtoroka na bakuli, sijapata kumwuliza. Nikalipokea. Nikamwonyesha mkeka. Akasita, akakaa ukingoni, akalitazama bakuli kwa macho ya mtoto katika nyumba ambayo wakubwa wote wamefunga na hakuna anayekumbuka kumlisha mchana.

Nikaponda kiazi kwa vidole, nikakipoza kwa pumzi, nikampelekea mdomoni. Mikono yangu ilikuwa bado inatetemeka. Mpaka leo inatetemeka. Akafungua kinywa. Akatafuna ananitazama. Akafungua tena. Akasogea akakaa karibu na goti langu, kisha juu ya goti, kwa kuwa bakuli lilikuwa huko. Alikuwa mzito. Sikuwa nimemshika tangu siku ile ya pwani, na sikujua mtoto wa miaka miwili na nusu ni mzito kiasi kile.

Kivuli kikaziba mlango. Bi Riziki alikuwa amesimama pale, anahema, ametafuta nyumba nzima. Aliona mtoto mikononi mwangu. Sikuthubutu kuinuka wala kumwachia. Nilingoja aje kumchukua.

Akalitazama bakuli. "Umekula?"

"Amekula Zuhura."

"Na wewe?"

"Nimefunga, mama."

Zuhura akalamba vidole vyangu.

"Nia umetia?"

"Nimetia."

Akaushika mlango kwa mkono mmoja, akautazama uso wangu kama anayenitafuta ndani yake. Kisha akageuka kuondoka, akasema akiwa ameshatupa mgongo, "Basi usikae humo ndani na joto hili. Nazi za futari hazijakunwa. Mbebe, uje naye."

Nikambeba.